Lehemu ya Digrii 221

Jumatatu, 3 Machi. Asubuhi mawingu mazito, hakuna upepo.

Shikamoo Bibi,

Kifurushi kimefika. Dereva wa basi alinikabidhi mwenyewe mkononi, akaniambia alikiweka juu ya dashibodi safari nzima ili asikitoe machoni. Alikuwa na nia njema. Wewe nawe ulikuwa na nia njema ulipolizungushia daraja lako la meno nta ya mshumaa ili lisigongwe njiani. Ni kweli marehemu Babu, fundi aliyelitengeneza, alikuwa akifanya hivyo, lakini yeye alitumia nta ya nyuki, na hiyo haiyeyuki mpaka ifike digrii sitini na kitu. Mshumaa wa dukani huwahi zaidi, na dashibodi ikikaa juani inapita hapo bila shida. Kwa hiyo nimepokea kopo lenye ziwa jeupe lililoganda, soksi moja ya kijani, na barua yako imelowa nta hadi inasomeka pande zote mbili kwa pamoja. Ilinibidi niielekeze dirishani na kuchagua mistari.

Daraja lilikuwa chini kabisa. Nimelichemshia maji, nikalisugua, sasa liko mbele yangu kwenye kitambaa. Kofia mbili za dhahabu zinazovaa meno yako mawili ya juu, na katikati jino la bandia linaloning'inia kati yake. Limeachia kiungo kimoja tu, kile cha nyuma.

Kukitengeneza si kazi kubwa ikiwa ni kama ninavyofikiri. Hapa maabara kila kitu kina joto lake na tunapanda kama ngazi. Nta ya kuchongea hulainika mkononi. Lehemu ya dhahabu, yaani ile tunayounganishia, huyeyuka kwenye kama 750. Dhahabu ya meno yenyewe, kwa kuwa imechanganywa na shaba na fedha, huanza kulegea karibu na 900. Nafasi yangu ya kufanyia kazi ni hiyo katikati. Nikiwasha moto chini mno, haishiki. Nikizidisha, jino lako linakuwa tone.

Swali moja tu. Pale lilipoachia pana rangi ya kijivu. Je, kuna fundi mwingine aliyewahi kuligusa baada ya Babu?

Mjukuu wako,
Kipimajoto


Jumamosi, 8 Machi

Mke mwenzangu Kipimajoto,

Marahaba. Tarehe nimeiandika ili usinune. Hali ya hewa kaangalie dirishani kwako.

Soksi ni ya babu yako, nilikuwa nimefungia kopo lisicheze. Nirudishie.

Unajua kwa nini nakuandikia na simu ninayo. Bila daraja, kila neno lenye "s" linatoka na mluzi. Jana nilimwambia muuza maziwa "sasa sitaki", mbwa wa jirani akaja. Kikundi changu cha kusoma cha Alhamisi nimewaambia nina mafua, na nadhani wameshaanza kushangaa mafua gani haya yasiyo na kikohozi. Mimi ndiye huwasomea, na wengine macho yao hayawezi tena. Wanabisha hodi, najibu nikiwa nyuma ya mlango na mtandio mdomoni kama mwizi wa nyumbani kwangu.

Daktari wa meno wa hapa ameniambia atanitengenezea jipya, zuri, jeupe, mbele na nyuma. Nimemshukuru. Kijana mpole yule. Lakini mimi nataka hili, na kama hili haliwezekani nitakaa na pengo langu mpaka mwisho. Usianze kunishawishi. Mama yako ameshajaribu kwa saa nzima, nami sikuweza kumjibu vizuri kwa ajili ya mluzi.

Umeuliza kama kuna mtu amelipitia. Mtu gani apite kinywani mwangu? Ni kazi ya babu yako, mwanzo hadi mwisho. Washa moto wako.

Bibi yako


Jumatatu, 10 Machi. Asubuhi baridi, ukungu hadi saa tatu.

Shikamoo Bibi,

Moto nilikuwa nimeshauwasha. Daraja limekaa kwenye plasta ya kulishikilia, kichomeo kiko mkononi, mkuu wa maabara akapita nyuma yangu. Sisi humwita Mama Tanuri, ila si mbele yake. Akasema, "Hicho cha kijivu umekijua ni nini?" Nikamwambia ni masizi ya miaka. Akachukua kisu kidogo, akagusa kwa ncha. Kikaingia kama kwenye sabuni.

"Zima," akasema.

Bibi, siyo dhahabu ile. Ni lehemu laini. Nadhani ni ya mafundi redio, bati limechanganywa na risasi, inayoyeyuka kwenye 183. Ningeipandisha hadi 750 nayo ikiwa mle ndani, ingenywewa na dhahabu. Dhahabu ikinywa bati au risasi kwenye moto mkali inakuwa kama biskuti iliyochovywa kwenye chai, unaiona nzima, ukiigusa inamwagika. Ningekurudishia makombo.

Kwa hiyo Babu siye aliyeweka hii. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba lehemu laini haiingii kinywani mwa mtu, hata kwa siku moja. Alinifundisha hilo kabla hajanifundisha kushika koleo. Kuna mtu alikuja baadaye. Sijui ni nani na sijui ulimlipa kwa kitu gani, lakini mtu huyo hastahili kupewa hata kijiko akoroge chai. Babu angemfukuza benchini kwa tupa.

Si hasira tu, Bibi. Risasi ni sumu, na ikiwa imo, umekuwa ukiimeza kidogokidogo kila unapotafuna. Nenda ukapimwe damu. Na uniambie ni nani, tafadhali, ili nijue alitumia nini. Bila kujua kitu gani kimo mle ndani siwezi kugusa.

Kipimajoto


Jumatano, 19 Machi. Mvua tangu alfajiri.

Shikamoo Bibi,

Sijapata jibu. Dereva anasema alikupa barua mkononi na ukaipokea. Anasema pia hukumsalimia, jambo ambalo limemsumbua, kwa kuwa huwa unamuuliza habari za mapacha wake.

Je, unaumwa? Au ni ile sentensi yangu kuhusu malipo? Sikuwa na maana ya kukusuta.

Daraja lako liko kabatini kwangu, ndani ya pamba, mbali na moto wowote. Sijaligusa.

Kipimajoto


Jumapili, 23 Machi

Mke mwenzangu,

Siumwi. Nilikuwa nimekasirika, na mtu wa umri wangu akiandika akiwa na hasira huandika vizuri mno, halafu hana namna ya kuyarudisha. Nikangoja.

Huyo asiyestahili kupewa kijiko ni mume wetu.

Ulikuwa chuoni mwaka ule, hukuona. Macho yalikuwa yamekwisha na mikono ilikuwa inatetemeka, akawa anasema ni karakana ndiyo yenye giza. Siku moja akaunguza pazia. Mama yako akaja na wajomba zako, wakazungumza naye kwa adabu kabisa, kisha wakauchukua mtungi wa gesi. Mama yako aliubeba mwenyewe hadi kwenye gari. Babu yako aliwasindikiza, akawafungia mlango, akarudi akakaa kwenye kiti chake cha kazi kama abiria aliyeshushwa njiani.

Haikupita muda, kiungo kikaachia nikitafuna shingo ya kuku. Nilitaka kwenda hospitali. Akasema, "Lete hapa." Nikamwambia, kwa moto gani? Akasema, "Lete tu."

Alipomaliza aliniomba nisimwambie mtu, na zaidi wewe. Ulikuwa ukimpigia simu kila Jumapili kumuuliza mambo ya kazi. Alisema, "Yule mtoto nimemwambia lehemu laini haiingii kinywani. Akisikia nimeitia kinywani mwako, mengine yote niliyomfundisha atayatilia shaka." Nikamuahidi.

Ulipouliza nikakuambia ni kazi yake mwanzo hadi mwisho. Sikudanganya, ila nilidhani utawasha moto na yote yataingiana humo, isijulikane. Kumbe ningelipoteza kabisa. Mambo yenu ya digrii mimi siyajui.

Sasa unajua. Ninalokuomba ni hili, usiitoe kazi yake. Kama daraja haliwezi kushikana bila kuitoa, funga vipande vyote viwili, nirudishie.

Bibi yako


Ijumaa, 28 Machi. Asubuhi anga safi, joto mapema.

Shikamoo Bibi,

Samahani. Ile sentensi ya kijiko nimeifuta, na ya tupa pia. Nilisoma barua yako mara mbili nimesimama mlangoni, kisha nikaenda kuketi kwenye ngazi.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo silielewi na nadhani utataka kulijua. Sikutoa kazi yake. Nilikwangua punje moja ukingoni, pale lilipokwisha kuachia, ndogo kuliko mbegu ya nyanya. Nilitaka kujua kama ni risasi, kwa ajili ya damu yako. Mama Tanuri akanipa bamba la umeme lenye kipimo. Nikaweka punje tatu kwa mstari. Kushoto lehemu ya fundi redio, niliyoinunua nyuma ya kituo cha basi. Kulia bati tupu. Katikati ya Babu. Nikapandisha joto polepole.

Kwenye 183 ya kushoto ikalala, ikang'aa. Niliikodolea macho ya katikati nikiingoja ifuate. Haikufuata. Mia na tisini, bado. Mia mbili, bado, imekaa vilevile na kingo zake kali. Mwenzangu wa benchi akasema, "Labda imelala." Mama Tanuri akavuta kiti. Mia mbili na kumi. Nikaanza kudhani basi ni bati tupu, itangoja mpaka 232 pamoja na ya kulia. Ilipofika 221 ikayeyuka yote kwa mara moja, kama iliyoamrishwa. Ya kulia ikabaki imesimama mpaka ilipofika yake.

Nikaiacha ya Babu igande, nikarudia. 221 tena.

Mama Tanuri aliliangalia lile tone muda mrefu. Akasema kuna mchanganyiko mmoja tu anaoujua wa namna hiyo, bati na fedha kidogo sana, kama sehemu tatu na nusu katika mia. Nikamwambia haiwezekani, fedha huyeyuka kwenye 962. Ukitia kitu kigumu hivyo ndani ya bati, bati lingechelewa kuyeyuka. Akasema ndiyo ajabu yake, halichelewi, linawahi. Kipimo kikiwa sawasawa linawahi na linayeyuka lote pamoja. Kikipotea kidogo, sehemu inayeyuka na sehemu inabaki kama uji wenye mabonge.

Ya Babu haikuwa na bonge hata moja.

Kwa hiyo Bibi, hakuna risasi. Ukapime damu hata hivyo, lakini hakuna risasi. Lehemu ya redio ilikuwa mtaani, mtu yeyote angemletea, na ingeyeyuka kirahisi zaidi. Hakuitumia. Alitengeneza yake.

Kuna lingine. Nilitazama sehemu zilizoachana kwa lenzi. Kwenye kofia amechonga mfereji mwembamba mdomoni na mpana ndani, umbo la mkia wa njiwa, na kwenye jino amechonga ulimi unaoingia humo kwa kuteleza kutoka juu. Amefanya kwa tupa, kwa mkono. Alijua lehemu ile peke yake haitashika, akaipa mahali pa kukamatia. Ulimi ndio uliolika mwishowe. Nimekuwa nikijiuliza ilidumuje miaka yote hii, jibu ni hilo.

Sasa niseme lililo gumu. Njia ni mbili. Ya kwanza ni lehemu ya dhahabu kwenye 750, na hapo ni lazima nitoe yake yote, nisibakize hata ukungu wa bati, maana umeshajua dhahabu hufanywa nini na bati kwenye moto. Hiyo itadumu. Ya pili ni nifanye kama alivyofanya yeye, bati na fedha juu ya yake, na itakuachia tena baada ya miaka michache, kwa sababu ulimi hauna nguvu tena. Naweza kufanya yoyote. Na nikirudisha vipande, pia nitaelewa.

Sijui alipata wapi fedha ile. Wewe unajua?

Kipimajoto


Jumatano, 2 Aprili

Mke mwenzangu Kipimajoto,

Barua yako nimeisoma jikoni, nikaisoma tena nje kwenye mwanga. Kwamba kitu kigumu kikiingia ndani ya kilaini ndicho kinachokifanya kiyeyuke mapema, hilo halikunishangaza hata kidogo. Nimekaa kwenye ndoa muda mrefu kuliko Mama Tanuri wako.

Fedha sijui. Alikuwa na vichupa vyake vya unga wa kujazia meno, na humo nadhani bati na fedha vyote vilikuwemo, lakini nakuambia tu ninavyodhani. Ninachokijua ni nilichokiona, na hilo sijamwambia mtu.

Ilikuwa mchana. Aliweka jiko la mkaa mlangoni na juu yake kijiko changu kimoja cha chuma, chenye vitu vyake ndani. Akanikalisha kwenye kigoda. Akasema, "Mimi sioni. Wewe utakuwa macho. Niambie ikianza kung'aa." Nikamwambia inang'aa. Akasema, "Inang'aa kama maziwa au kama kioo?" Nikasema kama maziwa. Akasema, "Bado haijawa." Akaongeza kidogo, kwa ncha ya kisu, anapapasa kama anayetia chumvi. Tukangoja. Akauliza tena. Nikasema bado kuna vinundu. Akaimwaga, akaanza upya. Nilichoka, nikamwambia mzee, si utie tu hivyo hivyo, ni jino si saa ya mkononi. Akanijibu, "Hili litalala na wewe, mimi sitakuwepo kuliamsha."

Sijui ilikuwa mara ya ngapi, ile ya mwisho. Ikalala yote kwa pamoja, nikauona uso wangu ndani ya kijiko. Nikasema, "Sasa."

Kwa hiyo uliposema haikuwa na bonge hata moja, nilikuwa nalijua hilo. Macho yalikuwa yangu.

Ninakuambia haya ili uelewe kwa nini nilisema usiitoe. Siyo kazi yake tu.

Lakini nimekuwa nikikumbuka tangu barua yako ije, na kuna neno alilisema ambalo nilikuwa nimelipuuza. Aliponivisha daraja, akagusa kwa ukucha, akasema, "Hii ni ya kungojea tu." Nikadhani anangojea macho yapone, au mtungi urudi. Nikamwonea huruma. Sasa nawaza, ufundi ule wa mfereji na ulimi, na kukataa risasi, mtu hafanyi vile kwa kitu anachodhani kitakaa milele. Alikuwa anakiacha kwa namna ambayo mwenye moto akija akifungue asiharibu. Inawezekana nakosea. Ulikuwa mwaka wa kwanza tu chuoni, na hakuwa mtu wa kutabiri.

Toa. Tia dhahabu. Usibakize huo ukungu uliousema.

Alhamisi ya wiki ijayo nimewaambia kikundi mafua yamekwisha. Kama hujamaliza, nitarudi kuugua.

Bibi yako


Jumamosi, 5 Aprili. Asubuhi mvua nyepesi, ikakatika kabla ya saa mbili.

Shikamoo Bibi,

Nimemaliza.

Bati nililitoa kwa bamba la joto kwanza, likateleza lenyewe kwenye 221, kisha kwa tupa, kisha kwa tindikali, kisha kwa lenzi, kisha kwa tindikali tena. Mama Tanuri akaangalia akasema pamekuwa safi. Nikaangalia mimi nikakuta doa, nikarudia. Alikunja mikono, akaningoja.

Halafu ulimi. Ule wa zamani umelika, kwa hiyo nilichonga mwingine wa dhahabu wa kuingia kwenye mfereji wake, pembe ileile. Nina taa ya kisasa, nina lenzi inayokuza mara kumi, nina macho ya miaka ishirini na saba. Nilichonga ndimi nne kabla ya kupata unaoingia bila kucheza. Huo wa nne ndio uliomo.

Moto niliuwasha saa nne asubuhi. Lehemu ya dhahabu haifanyi haraka. Inakaa, inakaa, unaona kama hakuna kitakachotokea, halafu inakimbilia kwenye kona yenye joto na kujaza kila upenyo. Kofia hazikulegea. Nimelidondosha mezani kutoka kimo cha shubiri, likalia kama kitu kimoja.

Anakuja nalo dereva yuleyule, safari hii halimo kwenye nta yoyote. Limo kwenye pamba, kwenye mfuko wa shati lake, na nimemwambia asikae juani nalo. Soksi imo pia, nimeifua. Muulize habari za mapacha.

Kuna kitu utakikuta. Ukishalivaa, pitisha ulimi kwa ndani, upande wa kaakaa, juu kidogo ya kiungo. Pana mfereji mfupi umekwenda kombo, hauongozi popote. Tupa ilipomponyoka mkononi, aliuacha huo akaanza tena pembeni yake, na wa pili ukanyooka. Ningeweza kuujaza kwa dhahabu, lehemu ilibaki ya kutosha. Mama Tanuri aliniuliza kwa nini sijazi. Nimeung'arisha tu usikukwaruze. Si uchafu, usiusugue kwa mswaki ukidhani ni uchafu.

Kipimajoto

Jumapili, kabla sijafunga bahasha: naongeza hili kwa kuwa kalamu ilikuwa bado wazi nilipoamka. Jana nililala saa tatu na dakika ishirini usiku, mapema kuliko siku zote tangu kifurushi chako kifike.